Ofisi ya tafsiri karibu na Nyerere Square: magonjwa wanayajua, dozi zinawaponyoka

Ofisi hii iko mtaa wa nyuma ya Nyerere Square, Dodoma mjini. Inapokea vipeperushi vya dawa, fomu za ridhaa na mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwenye majina ya magonjwa tunawapa alama za juu. Trakoma wameiita vikope, jina linaloeleweka Kongwa na vijiji vyake, na hatua ya kope kugeukia ndani wameieleza peke yake. Hilo ni jambo kubwa, maana maambukizi ya trakoma hutibiwa kwa dawa, lakini kope zikishaanza kukwaruza jicho mgonjwa anahitaji upasuaji. Kifafa cha mimba nacho hawakukikata kikabaki kifafa, kosa linalojirudia sana kwa wengine.

Kasoro zimejificha kwenye maneno mepesi, yale ambayo mtafsiri haoni haja ya kufungua kamusi.

Chukua kipeperushi cha dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili humezwa yakipita masaa manane tangu ile ya kwanza. Wao wameandika "meza dozi ya pili baada ya saa 8". Mgonjwa aliyeanza saa 1 usiku anaweza kungoja hadi saa 8 mchana wa kesho yake, yaani masaa 19, wakati dozi ilitakiwa saa 9 usiku. Wasahihishaji wengi hulifuta neno "masaa" kwamba si fasaha. Kwenye dawa, tafadhali liacheni. Andika "yakipita masaa 8", kisha weka mfano: ukianza saa 2 asubuhi, meza tena saa 10 jioni. Dozi nne zinazobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta.

Jedwali la uzito ndilo limetusikitisha zaidi. Asili inasema kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2; kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Katika tafsiri "chini ya" imedondoka, zikabaki 15–25 na 25–35. Mtoto wa kilo 25 kamili sasa yumo kwenye mistari miwili, na muuza dawa afuate upi? Wanatoza kwa ukurasa, na ukurasa wa jedwali bei yake ni sawa na wa maneno matupu. Kwa malipo ya namna hiyo, nani atarudia namba moja moja?

Neno "sugu" nalo limebebeshwa mizigo miwili: kisukari ni "ugonjwa sugu", na kifua kikuu kisichosikia dawa ni "kifua kikuu sugu", ndani ya kitini kimoja. Mwenye kisukari akidhani naye dawa hazimsaidii, ataziacha. Kisukari kiitwe ugonjwa wa kudumu.

Kwa fomu za ridhaa na mabango, wapeni kazi bila wasiwasi. Penye dozi, kubalianeni mapema kwamba mfamasia ataisoma tafsiri kabla ya malipo ya mwisho, na majedwali yahakikiwe na watu wawili: mmoja asome namba za asili kwa sauti, mwenzake afuate tafsiri kwa kidole.