Shahada ya ustawi wa jamii: uzoefu wangu, pamoja na ukaguzi wa fildi ambao sijausamehe

Nimesoma shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii katika chuo kikuu kimoja cha hapa Tanzania ambacho sitakitaja jina, na kwa kuwa kila msimu wa kuomba vyuo unapowadia ndugu na majirani hunitumia wadogo zao waniulize kama kozi hii inafaa, nimeona heri niandike mara moja, kila mwenye haja asome. Jibu langu la kawaida limekuwa kwamba inafaa. Nitajitahidi kulitetea jibu hilo, ingawa kuna jambo lililotokea wakati wa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, ambalo nikilikumbuka hasira hunipanda upya, na huenda nikifika mwisho nikawa nasema kitu kingine.

Masuala ya ada, sifa za kujiunga na orodha ya masomo yamo katika miongozo ya udahili, kwa hiyo sitayagusa. Ninachoweza kusema ni kwamba darasani nilishiba. Watu wengi hudhani hadi leo kwamba afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili, na kwamba kazi yenyewe ni kugawa misaada na kupatanisha wanandoa. Mwalimu wetu wa sheria alilimaliza suala hilo mapema. Alituchambulia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, akatueleza nafasi ya afisa ustawi katika mahakama ya watoto, jinsi taarifa ya uchunguzi wa kijamii inavyoandaliwa ili hakimu aamue akijua mtoto ametoka katika mazingira gani, na jinsi madai ya matunzo yanavyoshughulikiwa. Alitusimulia pia kwamba chini ya sheria ya zamani, iliyofutwa na hiyo ya 2009, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kuamriwa alipe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza lilipotambua kwamba kuna akina mama waliopewa kiasi hicho na kuambiwa kesi imekwisha.

Kasoro ya darasani niliyoiona ni ndogo tu, kwamba mahojiano ya kuigiza tuliyafanya kwa Kiingereza, mmoja akijifanya mjane na mwingine afisa, ilhali mjane wa Kiingereza sijakutana naye hata mmoja katika ofisi ninayojitolea sasa nikisubiri matangazo ya Sekretarieti ya Ajira.

Mhadhiri aliyenivutia kuliko wote ndiye aliyetufundisha maadili ya taaluma. Tulimwita Dokta tu, bila jina, kana kwamba chuo hakikuwa na daktari mwingine wa falsafa. Alitufundisha kanuni saba ambazo padri Mjesuiti wa Marekani, Felix Biestek, alizipanga mwaka 1957: kumtazama kila mteja kama mtu wa pekee, kumpa nafasi ya kutoa hisia zake, kuzitawala hisia zako mwenyewe, kumpokea jinsi alivyo, kutomhukumu, kumwachia uamuzi wa maisha yake, na kumtunzia siri. Katika hiyo ya saba Dokta alikuwa mkali kupita kiasi. Mwanafunzi aliyewahi kutaja jina la mtaa wa mteja katika wasilisho lake alikatizwa papo hapo na kuambiwa akae chini, kwamba siri ya mteja si mali yake aitembeze. Tulimwogopa na kumheshimu kwa hilo, na nilipopangiwa fildi nikasikia kwamba yeye ndiye atakayenikagua, nilifurahi.

Ofisi ya ustawi niliyopelekwa ilikuwa chumba kimoja katika jengo la halmashauri, chenye meza mbili, kabati la chuma lililojaa majalada, na nje ya mlango benchi refu ambalo halikukosa watu kuanzia asubuhi. Mlango haukufungika vizuri. Afisa aliyenipokea, mama wa makamo aliyesomea Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama na ambaye halmashauri nzima ilimwita Mama Ustawi, aliubana kwa kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara nne kila mteja alipoketi, kisha akaiwasha redio ndogo ya dirishani kwa sauti iliyotosha kuwazuia wa benchini wasisikie. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Vilevile alinizuia kuandika mteja anapolia. Aliniambia, "Mwanangu, ukimwandika sasa atadhani unayahesabu machozi yake. Andika akishaondoka."

Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa madai ya matunzo ya watoto. Mama anafika, anasikilizwa, baba anaandikiwa wito unaopitia kwa mtendaji wa mtaa, wanakutanishwa, makubaliano yanaandikwa kwa mkono na kutiwa saini, na baadaye baba analeta fedha ofisini na kusaini kwenye daftari. Kwa maelezo inaonekana ni kazi ya karani. Kwa kweli yote yanasimama juu ya uamuzi wa yule mama wa kuja kusema, na wengi hukaa na jambo lao miezi mingi kabla ya kuvuka mlango ule.

Dokta alifika siku ambayo hakuwa ameitaja, karibu saa sita mchana, funguo za gari zikiwa mkononi. Mbele ya meza yangu aliketi mama kijana akimnyonyesha mtoto, amekuja kumsubiri mwanamume aliyeitwa kwa wito siku hiyohiyo. Nilimwamkia Dokta, akaitikia, akauliza iko wapi logibuku, yaani daftari ambamo mwanafunzi huandika kazi zake za fildi. Nilimwomba kwa adabu zote tutoke tukazungumzie nje, chini ya mwembe, kwa kuwa nina mteja. Alinijibu kwamba hana muda wa miembe, ana wanafunzi wengine wanaomsubiri wilaya ya jirani. Mama Ustawi akanyanyuka ampishe kiti. Dokta akaketi, akaomba redio izimwe kwa sababu inamsumbua, na kwa kuwa chumba kilikuwa na joto, akauvuta mlango hadi ile karatasi ikaanguka, akauacha wazi.

Kisha akaifungua logibuku na kuanza kusoma. Sikuwa nimeandika jina la mtu, kama alivyotufundisha. Niliandika herufi moja na umri. Lakini alisoma kwa sauti ileile ya ukumbini, inayofika viti vya nyuma: kwamba mteja amezaa na mwanamume mwenye ndoa, kwamba mwanamume huyo ni mtu anayefahamika sokoni, kwamba mteja anahofia mama yake mzazi asije akajua. Kila sentensi aliifuatishia maoni kuhusu sarufi yangu. Alipofika mwisho wa ukurasa aliinua macho, akamtazama yule mama na mtoto wake, akaniuliza, "Ndiye huyu?"

Yule mama hakulia wala hakugomba. Alimtoa mtoto ziwani, akamfunga mgongoni kwa kanga, akaniambia, "Dada, mimi nitakuja siku nyingine," akapita mbele ya benchi ambalo lilikuwa kimya kabisa. Mama Ustawi alimfuata hadi barabarani. Dokta, kwa upande wake, alitaka kujua kwa nini ukurasa wa wiki iliyotangulia haukuwa na muhuri.

Alasiri yule mwanamume alifika na wito wake mkononi, akakaa, akaona mdai hayupo, akaaga kwa uchangamfu mkubwa. Mama Ustawi alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mama jioni moja baada ya hapo, na mtoto aliyetumwa mlangoni akasema dada yake amesafiri. Hadi namaliza fildi, jalada lile lilibaki na wito mmoja na karatasi yangu ya mahojiano, basi.

Ningefelishwa, huenda ningelimeza jambo hili kama wanafunzi wengine wanavyomeza mengi. Hakunifelisha. Katika fomu ya tathmini, kwenye kipengele cha maadili ya taaluma na utunzaji wa siri, aliniandikia alama za juu kabisa. Niliporudi chuoni nikaenda kueleza idarani, mkubwa niliyemkuta alinisikiliza huku akisaini karatasi nyingine, na nilipomaliza akauliza, "Kwani amekufelisha?" Nikajibu hapana. Akasema, "Sasa tatizo liko wapi, binti?"

Nitende haki kidogo. Ukaguzi wa fildi ni mzigo kwa wahadhiri. Mmoja hupewa wanafunzi waliotawanyika wilaya kadhaa, barabara nyingine ni za vumbi, na muda ni mchache kiasi kwamba anamfikia mwanafunzi, anatia saini, anaondoka. Mwanafunzi mwenzangu alikaguliwa kwa simu akiwa stendi. Kwa mpangilio huo, hata mtu mwema anaweza kugeuka mkaguzi wa mihuri. Nakubali pia kwamba yale yaliyonifanya nilitambue kosa lile niliyapata kwake yeye mwenyewe, na kwa maana hiyo chuo kilinipa kipimo cha kukipimia.

Lakini hapana. Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho na naifuta moyoni. Bibi yangu hajaingia darasani hata siku moja, na mgeni anapofika nyumbani kwake na jambo zito huwatoa watoto uani kwanza ndipo amkaribishe mkeka. Hakumsoma Biestek. Kama heshima hiyo anayo mtu asiyejua kusoma, basi sioni ni kipimo gani nilichouziwa kwa ada ya miaka yote ile, na zile sifa nilizolimwagia darasa hapo juu naanza kuziona nyingi mno. Barabara ya vumbi haimlazimishi mtu kuuliza "Ndiye huyu?" Wingi wa wanafunzi unaeleza kwa nini alikuwa na haraka, wala haumwondolei wajibu wa kutoka hatua ishirini hadi kwenye mwembe. Na yule aliyeniita binti idarani hakuwa safarini popote; alikuwa kitini kwake.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayetaka kujaza fomu, kazi hii usiiogope. Siku ambayo baba aliyekimbia wito mara kadhaa analeta fedha mwenyewe, anauliza hali ya mtoto na kusaini daftari bila kushurutishwa, utajua kwa nini Mama Ustawi hajaomba uhamisho wa idara. Ila kabla hujachagua chuo, watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hii na uwaulize mambo ambayo mwongozo hauyataji: nani huwakagua fildi, hukaa nao kwa muda gani, wapi, na wateja huwa wapi wakati huo. Waulize pia aliyewahi kupeleka malalamiko idarani alijibiwa nini. Wakicheka kabla ya kujibu, tafuta chuo kingine.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kutoa nyota tatu kati ya tano. Natoa mbili, na zote ni za Mama Ustawi, ambaye chuo hakimlipi hata senti kwa kufundisha wanafunzi wake.