Uzoefu wangu na The Evil Within: njiti moja, maadui watatu

The Evil Within, gemu ya kutisha, ilipotoka Oktoba 2014, wahakiki waligawanyika vibaya. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, matoleo ya PlayStation 4 na Xbox One yaliishia 75 kati ya 100, la kompyuta likabaki 68. Ukizitazama namba hizo peke yake utadhani ni gemu ya kupitishia muda ukikosa nyingine. Mimi nimeimaliza, nikairudia kwa kiwango kigumu zaidi, na nasema wazi kwamba ina sehemu ambazo sijaona zikifikiwa na gemu nyingine ya kutisha ya miaka ile. Ina pia sehemu zinazochosha kweli kweli. Ile 75 imezichanganya zote, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu yoyote kati yake.

Aliyeiongoza ni Shinji Mikami, yule yule wa Resident Evil ya kwanza ya mwaka 1996 na Resident Evil 4 ya mwaka 2005. Hii ndiyo gemu ya kwanza ya Tango Gameworks, studio aliyoianzisha Tokyo mwaka 2010, na Bethesda Softworks ndio walioichapisha. Ukitaka kuelewa kwa nini watu waliisubiri kwa hamu, kumbuka hali ilivyokuwa. Resident Evil 6 ilikuwa imetoka 2012, Dead Space 3 ikafuata 2013, na zote mbili zilikuwa zimeegemea mno upande wa mapigano. Mchezaji ana silaha za kumwaga, ana risasi, hofu itoke wapi? Mikami alikuja kuirudisha hofu kwa njia ya zamani: kukunyima vitu.

Mpelelezi Sebastian Castellanos na wenzake, Joseph Oda na Juli Kidman, wanaitwa Beacon, hospitali ya wagonjwa wa akili ambako watu wameuawa ovyo. Muda si mrefu Sebastian anazinduka akiwa ananing'inia kichwa chini kwenye chumba kilichojaa miili, na jitu moja linachinja pembeni yake. Unajikata kamba, unanyemelea kuchukua funguo, kisha jitu linakusikia na kuwasha msumeno wa injini. Huna bastola wala kisu cha maana, na mguu umeshajeruhiwa, kwa hiyo unachechemea. Dakika zote hizo za mwanzo kazi yako ni kujificha tu.

Silaha zikija, zinakuja kwa masharti. Risasi unazoweza kubeba ni chache, Sebastian akikimbia sekunde kadhaa pumzi inamwisha na anasimama kuhema, na adui akianguka hujui kama amekufa. Wengine wanalala tu, ukipita wananyanyuka. Dawa ya uhakika ni njiti ya kiberiti: unainama, unawasha, unamchoma palepale alipolala. Njiti nazo ni za kuhesabu.

Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo naona wahakiki wengi walipita haraka mno. Moto unashika na waliosimama karibu. Kwa hiyo unampiga wa mbele risasi ya mguu, anaanguka, unasubiri. Unasubiri huku wenzake wanakuja, kidole kiko kwenye kitufe, mpaka watatu wawe wamesogeleana, ndipo unawasha. Njiti moja imeondoa watatu. Ukiwahi nusu sekunde umemuua mmoja tu, ukichelewa umeshikwa koo. Sijui gemu nyingine iliyonifanya nifikirie njiti ya kiberiti kwa uzito huo.

Sura ya 3 ndiyo inayoonyesha mfumo wote ukifanya kazi pamoja. Uko kijijini, geti limefungwa kwa mnyororo, na wa kuukata ni msumeno alionao yule Sadist, jitu lile la mwanzo. Kabla ya kupambana naye una kijiji kizima cha kupekua, nyumba moja baada ya nyingine, ukitembea umechuchumaa. Kuna mabomu yamebandikwa ukutani. Ukiyafikia polepole unaweza kuyategua: mshale unazunguka kwenye duara, nawe unatakiwa kuusimamisha penye rangi ya buluu. Ukipatia, unapata vipuri vya kutengenezea mishale ya Agony Crossbow, upinde wa Sebastian, ile ya umeme, ya barafu, ya kulipuka. Ukikosea, limekulipukia usoni. Au unaliacha pale pale, unamvuta adui alipite. Hakuna anayekuambia lipi ni sahihi. Mhakiki aliyeandika kwamba gemu inakuadhibu bila sababu, nahisi aliingia kijijini akitaka kupiga risasi tu.

Hata hivyo siwezi kuwabeza kwa kila kitu. Malalamiko kuhusu picha yalikuwa ya haki. Gemu ilitoka ikiwa na mistari mipana myeusi juu na chini, kwa uwiano wa 2.35:1 kama wa sinema, huku kamera ikiwa imemganda Sebastian mgongoni. Gemu inayokutaka uone waya wa mtego uliopita chini miguuni haipaswi kukukatia sehemu ya kioo. Kwenye konsoli picha ililengwa fremu 30 kwa sekunde na hata hizo hazikushikiliwa vizuri. Baadaye lilikuja sasisho lililoruhusu kuiondoa mistari ile, kwa hiyo anayeinunua leo hana sababu ya kuteseka nayo. Ingia kwenye mipangilio, iondoe, anza.

Kuhusu vifo vya ghafla, nakubaliana nao nusu. Laura, yule mwanamke wa mikono mingi na nywele ndefu anayechomoza kwenye dimbwi la damu, akikushika umekwisha, hata uwe na uhai kamili. Wapo waliosema ni uonevu. Mimi nasema bila hilo Laura angekuwa adui wa kawaida. Anaogopa moto, na gemu inakuwekea moto njiani, kwa hiyo njia ipo ukitulia. The Keeper, yule mwenye sefu badala ya kichwa, naye ni hivyo hivyo. Unamuua, anazaliwa upya kutoka kwenye sefu nyingine, huku wewe unahangaika kufunga vali za gesi. Hao wawili nawatetea mpaka mwisho. Ila mitego ya kuua papo hapo iliyotupwa kwenye korido, ambayo huwezi kuijua mpaka ikuue mara ya kwanza, hiyo sina la kuitetea.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya 9, jumba la Ruvik, adui mkuu wa hadithi. Risasi zinapigwa kidogo. Kuna vichwa vilivyofunguliwa, ubongo uko wazi, na unatakiwa kuchoma sindano mahali sahihi kwa kufuata sauti iliyorekodiwa ya daktari akieleza anachofanya. Mkono wangu ulikuwa mzito kubonyeza. Katikati ya hayo Ruvik mwenyewe anatokea bila ratiba, rangi ya kioo inabadilika, na unatafuta kabati au uvungu wa kitanda. Wahakiki walioiita hadithi ya gemu hii kuwa imevurugika wana hoja, kwa sababu inaruka kutoka mahali hadi mahali bila kueleza. Lakini ndani ya jumba lile unaelewa maisha ya Ruvik vizuri kabisa, na hakuna aliyekaa kukuhutubia.

Halafu sura ya 11 inaanza, na gemu inajisahau. Jiji limebomoka, maadui sasa wana bunduki, unajificha nyuma ya magari na kurushiana nao risasi. Sura ya 12 ni basi na mapambano. Hapa Mikami anafanya kile kile alichokuja kukikimbia, na hakifanyi vizuri kuliko wengine, maana mwili mzito wa Sebastian haukuundwa kwa vita vya namna hiyo. Mwishoni kabisa jitu kubwa linauawa kwa silaha nzito unazokabidhiwa hapo hapo. Mimi nilikuwa nimebana akiba ya mishale kwa sura nyingi nikimsubiri bosi wa mwisho, na haikutakiwa. Hilo liliniuma. Kama mhakiki alikata alama kwa ajili ya theluthi ya mwisho, simlaumu.

Kinachoshangaza ni kwamba majibu mengi ya hadithi yalikuja baadaye kwenye nyongeza mbili za mwaka 2015, The Assignment na The Consequence, ambapo unacheza kama Kidman. Kwa muda mrefu huna silaha, una tochi tu na akili yako. Ziliongozwa na John Johanas, ambaye ndiye aliyeongoza The Evil Within 2 mwaka 2017. Ya pili imenyooka zaidi, ina mji wa kuzungukia, inaeleweka. Kwa makali, bado naichagua ya kwanza.

Ukiichukua, cheza kwa kiwango cha Survival. Casual, kiwango chepesi, inakuondolea njaa ya risasi, na bila njaa hiyo gemu haipo. AKUMU, ambako pigo moja linakuua, iache mpaka uwe umeimaliza na unaijua kila kona. Jeli ya kijani utakayoiokota unaitumia kumwongezea Sebastian uwezo, kwenye kiti cha wodini, kwa nesi Tatiana. Unaingia huko kupitia vioo, na muziki wa piano wa mtunzi Debussy ndio utakaokujulisha kwamba kioo kiko karibu. Wengi wanaimalizia jeli kwenye nguvu ya bastola. Anza na pumzi ya kukimbia na idadi ya njiti unazoweza kubeba, bastola isubiri. Na nyongeza za Kidman zicheze mara tu baada ya kumaliza, kabla hujasahau nani alisimama wapi.