Chemba ya presha kwa miti ya milimani: ya pampu au ya mtungi?

Kwa anayetaka kujua mti upi wa mlimani bado unavumilia ukame na upi unaelekea kushindwa, hakuna kifaa cha msituni kinachojibu haraka kama chemba ya presha, ile ambayo mwanasayansi Per Scholander na wenzake waliieleza mwaka 1965. Maji ndani ya zailemu, mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, yamekazwa kama uzi unaovutwa na majani. Ukikata kijiti, uzi unakatika na maji yanarudi ndani. Unakibana kijiti kwenye kifuniko, majani yakiwa ndani ya chemba na mkato ukichungulia nje, kisha unaongeza presha mpaka maji yatokeze tena. Geji inachosoma wakati huo ndicho kiasi cha mvuto, nacho huandikwa kwa alama ya kutoa.

Toleo la pampu ya mkono ni jepesi, halina mtungi, na mtu hulipandisha mlima mgongoni bila shida. Kasoro yake ni kikomo, ambacho kwa kawaida hakizidi megapaskali (MPa) 2 hivi. Msonobari wa piñon (Pinus edulis) hufunga stomata (vitundu vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke) mvuto ukikaribia −2 MPa, kwa hiyo pampu inaumudu kwa shida. Mtarakwa (Juniperus monosperma) ulioota ubavuni mwake huacha stomata wazi na waweza kushuka hadi −6 MPa au zaidi. Hapo pampu haifiki. Kwa msitu wenye jamii zote mbili, nunua toleo la mtungi wa nitrojeni linalofika MPa 10, uzito wake uuvumilie.

Matokeo mabaya mengi hutoka mikononi mwa mpimaji. Kifunike kijiti kwa mfuko wa plastiki kabla ya kukikata, la sivyo majani yanaendelea kupoteza maji njiani. Kata mara moja kwa wembe mpya, usikate tena. Acha milimita chache tu nje ya mpira wa kubana. Ongeza presha taratibu, kama MPa 0.02 kwa sekunde: msonobari utachukua dakika moja na nusu au zaidi kidogo, mtarakwa mkavu dakika tano. Ukiharakisha, unapita alama kabla jicho halijaiona. Vaa miwani ya usalama na uangalie kwa pembeni kupitia lenzi, kamwe usiinamie juu ya kifuniko, kwa maana kijiti kinaweza kufyatuka kama risasi.

Utomvu ndio unaowadanganya wengi. Kwenye misonobari hutoka mapema kwenye duara la gome, ukang'aa kama maji. Yenyewe maji huanzia kwenye sehemu ngumu iliyo ndani ya gome, ambayo hugeuka mweusi kidogo na kulowa. Gusisha kipande cha karatasi ya chujio: maji yanazama papo hapo, utomvu unanata. Povu likitoka, gesi imepenya, kijiti hicho kitupe.

Chukua vijiti vya kimo kimoja, kwa kuwa kila mita ya kwenda juu huongeza mvuto wa MPa 0.01 hata mti ukiwa umetulia. Asubuhi ya ukungu, futa majani kabla ya kupima.

Pima mara mbili: kabla ya mapambazuko, mti unapokuwa umekaribia kulingana na udongo, na tena adhuhuri. Namba ya adhuhuri peke yake inapotosha vibaya sana. Msonobari uliofunga stomata utaonyesha karibu −2 ukame ukiwa wa wiki mbili, na karibu hiyo hiyo ukiwa wa miezi mingi. Mtarakwa wenye −5 utaonekana mahututi kumbe bado unatengeneza chakula. Cha kutazama ni nafasi kati ya namba mbili. Ya alfajiri ikishuka mpaka ikutane na ya adhuhuri, msonobari hauvuti tena maji. Unaishi kwa akiba, na nguvu ya kutoa utomvu dhidi ya mbawakawa wa gome inapungua. Mwaka 2002 na 2003 misonobari ya piñon ilikufa kwa wingi kusini-magharibi mwa Marekani, huku mitarakwa iliyokuwa karibu ikisalia mingi. Namba hizo mbili zikikutana wiki baada ya wiki, anza kukagua magome: tafuta matundu madogo na vumbi la mbao.