Kompyuta za mtumba Mombasa: kiini kimoja, viini viwili, na ipi uilipie

Ukipita Digo Road ukiulizia laptopu ya mtumba, utaambiwa "hii ni kali, ndugu yangu" kabla hata haijawashwa. Wewe uliza mawili: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina viini (sehemu za kufanyia kazi) vingapi, na ni ya kizazi gani?

Prosesa ya kiini kimoja ni kama mama wa mbaazi na mahamri mwenye jiko moja: hana budi aepue mbaazi ndipo ainjike karai. Mpe jiko la pili, wateja hawasimami sana. Ila mahamri hayaivi upesi kwa kuwa majiko ni mawili. Kinachoyaivisha ni moto, na moto wa prosesa ni kasi ya kila kiini, ambayo hutegemea aina na kizazi chake. Kwenye Pentium 4, kampuni ya Intel ilikoleza moto wa jiko moja hadi GHz 3.8 (kipimo cha kasi), na mwaka 2004 ikaufuta mpango wa kufika 4. Joto lilishinda. Mwaka uliofuata zikaja Pentium D ya Intel na Athlon 64 X2 ya mshindani wake AMD, zote za viini viwili.

Chaguo langu la kwanza ni Core i5 ya kizazi cha sita, kama i5-6300U iliyomo ndani ya HP EliteBook 840 G3. Viini viwili, wati 15. Itie RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kasi), nayo itabeba Excel, iTax (tovuti ya kodi ya KRA) na kurasa kadhaa za intaneti bila kulalamika. Lakini macho yawe wazi! Muuzaji atafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi za kompyuta, akuonyeshe vigrafu vinne, aape kuwa ni viini vinne. Soma maandishi ya chini: Cores 2, Logical processors 4. Kila kiini kinahudumia foleni mbili, basi. Usilipe bei ya vinne. Dosari yake nyingine ni kuwa Windows 11 haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, huitaki, jikaze ufike kizazi cha nane: i5-8250U ina viini vinne vya kweli, na Windows 11 inaikubali.

Ya pili ni Celeron N4020, ile ya laptopu mpya za bei nafuu. Nayo ni viini viwili, lakini moto wake ni wa mshumaa. I5 ya mtumba inaiacha mbali. Sifa yake ni wati 6 tu, mara nyingi haina hata feni, na kwa joto letu la Februari hilo si dogo. Mwanafunzi wa kuandika insha itamtosha. Angalia tu hifadhi isiwe GB 64 zilizochomelewa kwenye ubao, maana huwezi kuzibadilisha.

Core 2 Duo, prosesa za zamani za viini viwili za kuanzia 2006, chukua ukipewa bure.

Mkiani kabisa ni kiini kimoja: Pentium 4, na vile vilaptopu vya Atom N270. Windows 11 yenyewe inadai viini viwili kwenda juu. Mimi nilikinunua kimoja, rangi ilinivutia. Siku moja nikafungua ukurasa wa iTax huku programu ya kuzuia virusi inapekua. Nikaenda kuswali Alasiri, nikarudi, kiduara kingali kinazunguka.