Kalamu ya wino ya kununua: orodha itakayowaudhi wapenzi wa kalamu

Rasimu ya mwongozo huu nimeiandika kwa kalamu ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza kuandika. Kalamu yangu ya nibu ya dhahabu (nibu ni kile kipande cha metali chenye ncha, kinachoandika) iko kwenye droo. Haina kasoro, ila kila nikikaa kuandika mkono unaifuata ile ya watoto, na baada ya miaka kadhaa ya kujiambia kwamba nitaizoea ya dhahabu nimekubali yaishe.

Ukimwuliza mpenzi wa kalamu ununue ipi, atakuonyesha ngazi. Unaanza na Lamy Safari, unapanda kwenye TWSBI, unapata nibu ya dhahabu ya kwanza, halafu siku ukijaliwa unaagiza Montblanc. Ngazi hiyo imenifilisi mara moja na siipendekezi. Orodha hii nimeipanga kwa swali moja: ukiisahau kalamu mezani wiki mbili, siku ukiifungua itaandika herufi ya kwanza, au utaanza kuikung'uta kama kipimajoto? Watu wengi walioachana na kalamu za wino hawakuziacha kwa kuwa zilikosa uzuri. Zilikauka, wakachoka, wakarudi kwenye bolpeni.

Ya kwanza: Platinum Preppy

Najua. Ni kalamu ya bei ya chini kuliko karibu zote nitakazozitaja, mwili wake ni plastiki inayoonyesha ndani, na maandishi ya kiwandani yamebandikwa ubavuni kama lebo ya dawa. Lakini fungua kifuniko chake utazame ndani: kuna kikombe kidogo kinachosukumwa na springi, kinachoibana nibu hewa isipite. Platinum wanadai kwamba wino hukaa humo hata mwaka mzima bila kukauka. Mwaka sijawahi kuupima, ila miezi nimeipima bila kukusudia, na ikaandika. Kuna kalamu za bei mara kumi na zaidi zisizoweza hilo.

Inakuja na nibu za upana wa milimita 0.2, 0.3 na 0.5. Chukua ya 0.3. Ile ya 0.2 inakwaruza, na kwenye karatasi laini utahisi unachora kwa sindano.

Ubaya wake ni kwamba plastiki hupasuka, hasa mdomo wa kifuniko. Ukitaka nibu ileile kwenye mwili wa alumini, ipo Platinum Plaisir, ambayo ni Preppy iliyovaa suti. Mimi ningenunua Preppy mbili, moja ya bluu na moja nyeusi.

Ya pili: Pilot Kakuno

Hii ndiyo iliyoandika rasimu. Ilitoka mwaka 2013, na kwenye nibu imechorwa uso unaotabasamu. Watu wazima huuonea aibu, lakini una kazi: uso ukikutazama, umeishika kalamu sawasawa, usipouona, umeigeuza. Mwili una pembe sita, kwa hiyo haiviringiki ikadondoka, na hiyo ni bahati kwa sababu haina kibanio cha kuishikiza mfukoni.

Wengi watakuambia ununue Pilot Metropolitan badala yake, kwa kuwa ni ya shaba na ina uzito wa kiutu uzima. Nibu ni za familia moja, unaweza hata kuzibadilishana. Ila konvata kubwa ya Pilot, CON-70, inayobeba takriban mililita moja ya wino, inaingia kwenye Kakuno na haiingii kwenye Metropolitan. Kalamu ya mtoto inameza wino mwingi kuliko ya bosi. Kwa asiyelijua neno hilo, konvata ni kijibomba unachokichomeka mahali pa katriji (kile kichupa cha wino cha kutumia na kutupa) ili unyonye wino kutoka kwenye chupa.

Jambo jingine kwa mnunuzi: nibu za Kijapani ni nyembamba kuliko za Ulaya kwa karibu daraja zima. F (nyembamba) ya Pilot au Platinum inakaribia EF (nyembamba zaidi) ya Lamy. Ukizoea M (ya kati) ya Lamy kisha ukaagiza M ya Pilot, utadhani umetumiwa kosa.

Ya tatu: Parker 51, iliyotumika

Hapa nitawaudhi hata wanaokubaliana nami kuhusu plastiki. Mitumba ya kalamu imejaa vitu vizuri machoni vyenye mpira uliooza ndani, na mtu anayeanza hapaswi kuigusa. Isipokuwa moja. Parker 51 ilianza kuuzwa mwaka 1941, na kuanzia 1948 ikapata mfumo wa kunyonya wino kwa kubonyeza, wenye kifuko cha plastiki kinachostahimili miaka. Nyingi za aina hiyo, ukizisuuza kwa maji mpaka yatoke meupe, zinaandika leo. Nibu yake imefichwa, ncha tu ndiyo inayochungulia, kwa hiyo haikauki upesi unaposimama kutafuta neno.

Nibu hiyo, kwa nyingi zake, ni ya dhahabu, na ni ngumu kama msumari. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Unaponunua, omba picha ya ncha iliyokuzwa. Vilivyobaki vinatengenezeka, ila ncha iliyolika ni gharama.

Ya nne: Lamy Safari

Kuiweka ya nne ni kama kusema chai haina maana. Imekuwepo tangu 1980, ilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi, haivunjiki ovyo, na nibu yake unaivuta kwa kipande cha selotepu ukaweka nyingine. Kwa anayetaka kujaribu upana mbalimbali bila kununua kalamu mpya kila mara, ningeipandisha hadi ya pili. Kuna hata nibu ya wanaotumia mkono wa kushoto.

Tatizo langu ni ile sehemu ya kushikia, yenye pande tatu. Inaviamuru vidole vikae wapi. Kama unaishika kalamu kama walivyofikiria wabunifu, utaiona tamu. Kama una mshiko wako wa ajabu uliotoka nao shuleni, utaandika ukurasa mmoja kidole kikianza kulalamika. Hakuna namna ya kulijua hili kwa kusoma. Ishike kwanza, hata ya jirani. Pia nibu zake hutofautiana mno. Nimewahi kuwa na F mbili, moja ikiandika kama EF na nyingine kama M.

Safari bandia zipo kwa wingi. Bei ikiwa ya kushangaza, umepata jibu.

Ya tano: TWSBI Eco

Inaonyesha wino wote ukicheza ndani, inafunguka kwa spana yake yenyewe iliyomo kwenye boksi, na ina pistoni inayobeba zaidi ya mililita moja na nusu. Kila mtu anausifu ujazo huo. Mimi nauona ni kasoro kwa mnunuzi wa kwanza: ukijaza wino usiokupendeza, utaishi nao wiki nyingi au utaumwaga. Mwanafunzi anayeandika daftari zima kwa siku aichukue bila kusita. Anayeandika orodha na barua mbili kwa mwezi atakuwa amenunua tangi la lori kwa ajili ya pikipiki.

Ya sita: Jinhao

Kalamu za kampuni hii ya Kichina ni bahati nasibu. Niliwahi kununua tatu kwa pamoja. Moja ilikuwa nzuri ajabu, moja ya kawaida, moja haikuandika hata baada ya kuoshwa mara nne. X450 na X750 zina nibu ya ukubwa wa namba 6, ambayo unaweza kuitoa na kuweka ya kampuni nyingine, na hapo ndipo zinapopata maana. Kama hupendi kuchezea vitu kwa mikono, ziache.

Ya mwisho: chochote chenye dhahabu

Sasa turudi kwenye ule msumari.

Nibu ya dhahabu haigusi karatasi kwa dhahabu. Dhahabu ni laini, ingelika mapema. Mwishoni mwa kila nibu nzuri, ya dhahabu au ya chuma cha pua, kimeunganishwa kipunje cha aloi ngumu ya metali kama osimiamu na rutheniamu, na hicho ndicho kinachogusa karatasi. Ulaini unaousikia wanaposema «dhahabu inateleza» unatokana na jinsi kipunje hicho kilivyosuguliwa. Chuma kikisuguliwa vizuri kinateleza vilevile.

Dhahabu ilikuwa na sababu yake. Wino wa zamani wa chuma na tindikali uliila nibu ya chuma cha kawaida mpaka ikatoboka, na dhahabu haikudhurika. Chuma cha pua pamoja na wino wa siku hizi vimeiondoa sababu hiyo kwa sehemu kubwa. Wanaobaki kuitetea wanasema nibu ya dhahabu inanepa. Baadhi zinanepa kweli, na ndiyo raha yake. Lakini mnepo unategemea unene wa bati, urefu wa meno (vile vipande viwili vya ncha vilivyotenganishwa na ufa) na umbo la mabega ya nibu. Parker 51 ni dhahabu na hainepi kabisa. Namba unazoziona zimechongwa, 585 kwa karati 14 na 750 kwa karati 18, zinakuambia kiasi cha dhahabu katika sehemu elfu moja. Hazikuambii lolote kuhusu mwandiko wako.

Ukishasoma hayo na bado moyo unaitaka, mimi pia niliitaka, kwa hiyo sikuhukumu. Chukua Platinum 3776 Century. Ina kifuniko cha ukoo mmoja na kile cha Preppy, na jina lake ni urefu wa mlima Fuji kwa mita. Au Lamy 2000, ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu 1966 na haipigi kelele mezani. Pilot Custom 823 inaandika vizuri mno, ila ukitaka kuandika kurasa nyingi mfululizo lazima uulegeze mkia wake ili wino upite, na mwenyewe ninajua nitausahau kila mara. Montblanc 149 nayo imechongwa 4810 kwenye nibu, urefu uliozoeleka kutajwa, kwa mita, wa mlima Mont Blanc. Ni kalamu nzuri iliyo nene kama ndizi, na sehemu kubwa ya bei unailipia ile nyota nyeupe kichwani. Kama nyota ndiyo unayoitaka, nunua kwa amani na usimwambie mtu kwamba ni kwa sababu ya nibu.

Pesa iliyobaki

Iende kwenye karatasi kwanza. Usidanganywe na unene: Tomoe River ilipata sifa ikiwa na gramu 52 tu kwa mita mraba, nyembamba hadi maandishi ya upande wa pili yanaonekana, lakini wino hausambai wala haupenyi. Kinacholeta tofauti ni jinsi uso wa karatasi ulivyotiwa dawa ya kuzuia unyonyaji. Gharama yake ni kwamba wino unachelewa kukauka, na wanaoandika kwa mkono wa kushoto wataufuta kwa kiganja. Kama utaandikia madaftari ya kawaida na hutaki kuyabadilisha, nunua nibu nyembamba. Nibu pana kwenye karatasi inayonyonya inageuza kila «e» kuwa nukta.

Kuhusu wino, maoni yangu ndiyo yasiyopendwa kuliko yote: nunua chupa moja. Bluu ya kawaida, ya Pelikan 4001 au ya Waterman. Konvata ndogo ya Pilot, CON-40, inabeba mililita 0.4, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ni ujazo mara 125. Ukijaza kila wiki, ni zaidi ya miaka miwili. Wapo wenye chupa themanini, na ni watu wazuri, ila wanakusanya wino. Kuandika ni jambo jingine. Wino wenye vumbi linalometameta utaziba kile kipande cheusi chini ya nibu, na utaishia kuosha kalamu kuliko kuitumia. Wino wa kuchorea unaojulikana kama wino wa India usiuingize kabisa, kwa sababu una gundi ambayo ikikauka ndani kalamu imekwisha.

Na huna haja ya kuosha kila unapojaza. Ukirudia wino uleule, jaza tu. Osha unapobadilisha rangi, au mtiririko unapopungua, kwa maji ya kawaida yasiyo ya moto.

Kalamu mpya ikifika, isuuze kwanza, maana mafuta ya kiwandani hubaki ndani na kuukataa wino. Jaza, kisha chora namba nane zilizolala, mstari mzima, bila kukandamiza. Ikiruka kwenye mapinda, chukua kioo cha kukuzia utazame meno mawili ya nibu kutoka mbele. Yanatakiwa yalingane. Jino moja likiwa juu ya jingine, usilipinde kwa ukucha kama nilivyofanya mimi. Irudishe siku hiyohiyo, boksi likiwa bado lipo.