FlashArray//X20 baada ya miaka miwili: naipenda, ila kagueni njia zenu

Nina miaka miwili sasa nahudumia Pure Storage FlashArray//X20, mtambo wa flash wa kuhifadhi data za seva, hapa Dar, inabeba VM (kompyuta pepe) kama mia na hamsini pamoja na databesi mbili za Oracle, na kiukweli stoji iliyonipa usingizi kama hii sijawahi kukutana nayo, maana ile ya zamani ya diski za kuzunguka ilikuwa kila baada ya muda diski moja imekufa, RAID (mpangilio wa diski kadhaa zinazolindana) inajijenga upya usiku kucha, asubuhi watu wa uhasibu wanapiga simu mfumo umeganda.

Kuiseti ni dakika tu. Hukai unachagua RAID gani au diski zipi ziwe kundi moja, mtambo unajipangia wenyewe. Unaandika purevol create --size 2T db01 kutengeneza voliumu (diski pepe), halafu purehost connect --vol db01 seva07 kuiunganisha na seva, basi, hosti ikiskani upya inaiona.

Shughuli ipo kwenye njia za kutoka seva mpaka mtambo, na hapa nawaomba msome vizuri. Kontrola, yaani kompyuta zinazoendesha mtambo, ziko mbili, CT0 na CT1, kila seva inatakiwa izifikie zote mbili kupitia swichi mbili tofauti. Fundi aliyetufungia alitukabidhi kila taa ni ya kijani, tukasaini. Siku moja kabla ya kuapgredi Purity, programu inayoendesha mtambo, ndio nikaendesha purehost monitor --balance, ile amri inayoonyesha kila seva inapitisha mzigo kiasi gani kwa kila njia, nikakuta seva nne, mojawapo ya Oracle, zinapita CT0 peke yake. Zoni (ruhusa za kwenye swichi) za kwenda CT1 hazikuwahi kutengenezwa! Yaani kesho yake CT0 ingewaka upya na zile seva zingebaki bila diski mchana kweupe. Tukaahirisha, tukatengeneza zoni, nikarudia amri mpaka njia zote zikakaribiana kwenye 100%, yaani mzigo unagawanyika karibu sawa. Sasa hivi naiendesha kila mwanzo wa mwezi na kila mtu akigusa swichi.

Apgredi yenyewe baada ya hapo ilikwenda saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Kontrola moja inapewa toleo jipya inawaka upya, kisha inapokea kazi na mwenzake anafuata. Nilikaa nimekodolea grafu, muda wa kujibu ulikuwa chini ya milisekunde moja, ukaruka kidogo wakati wa kupokezana, ukashuka, hakuna aliyepiga simu. Inawezekana kwa sababu data inayoandikwa inatua kwanza kwenye NVRAM, kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukikatika, na NVRAM ipo kwenye chesisi, sio ndani ya kontrola, kwa hiyo kontrola ikizimika haiondoki na data ya mtu.

Kitu kingine kilichotuokoa: kijana wetu alifuta voliumu ya mafaili ya rasilimali watu akidhani ni ya majaribio, majina yalifanana. Alikuja mezani kwangu hawezi hata kuongea. Tukaandika purevol list --pending, ikaonekana ipo na imebakiwa na saa 23 na dakika kadhaa, kwa kuwa ukifuta haipotei hapohapo, inasubiri saa 24. purevol recover, ikarudi nzima. Wiki hiyohiyo tukaomba SafeMode iwashwe, kwa sababu mhalifu akipata nywila ya admin hatasubiri saa 24, atamalizia na eradicate, amri ya kufuta moja kwa moja. Ikiwashwa hakuna anayeweza kufuta kabisa peke yake, na muda wa kusubiri unaweza kuuongeza mpaka siku 30. Ila snapshoti, yaani nakala za papo hapo za voliumu, zinakaa kwenye mtambo uleule jamani, bakapu ya nje iko palepale.

Nisichokipenda ni maneno ya mauzo. Aliyetuuzia alituambia tutapata tano kwa moja kwenye kubana data. Tumepata mbili nukta moja. Sio kosa la mtambo, sisi tuna PDF nyingi za skana ambazo tayari zimebanwa, na Oracle moja imefungwa kwa TDE (usimbaji wa databesi yenyewe), data iliyosimbwa haina kinachojirudia cha kubana. Kabla ya kusaini, daini waipime kwa data yenu wenyewe, na muweke kwenye mkataba. Sisi tulijikuta tumejaza 80% ya nafasi mapema mno. Kilichotusaidia ni fstrim, amri ya Linux inayoiambia stoji nafasi ipi haitumiki tena: seva za Linux zilikuwa zinafuta mafaili lakini stoji haiambiwi, tukaipanga iende kila wiki na terabaiti karibu tatu zikarudi.

Naipa nne na nusu kwa tano. Kama kuna mwenye X20 na Oracle ya TDE naomba aniambie anapata ngapi kwa moja, na je mmehamishia usimbaji kwa mtambo wenyewe, kwa kuwa wenyewe unasimba kila kitu, au wakaguzi wenu wamekataa?