Google Maps, Waze na Organic Maps kwa dereva wa Dodoma: ipi uitumie wapi, na lini uiache

Habari zenu madereva, karibuni. Leo tunachambua programu tatu za ramani: Google Maps, Waze na Organic Maps. Zote ni za bure, zote zinaingia kwenye simu ya kawaida, na tunazipima kwa barabara zetu za kanda ya kati, siyo za Dar.

Nianze na msimamo wangu. Programu hizi zinajua vizuri sana gari lako liko wapi. Udongo ulio chini ya tairi, maji yaliyo mbele, au kama barabara imeshachongwa au bado iko kwenye mchoro, hayo hazioni. Dereva akishaiachia simu na hayo, anakwama, na saa nyingine anapoteza maisha. Novemba 2024 kule India, jimbo la Uttar Pradesh, watu watatu walikufa gari lao lilipodondoka kutoka kwenye daraja la Mto Ramganga ambalo kipande chake kilishachukuliwa na mafuriko. Taarifa zilisema walikuwa wanafuata ramani ya simu.

Kwa nini inatokea? Simu inapokea mawimbi ya setilaiti za GPS zilizo juu kama km 20,200, na kwa kazi hiyo haihitaji bando. Mahali pa wazi inakosea mita 5 hivi tu. Hapo iamini. Lakini ramani yenyewe ni mistari iliyochorwa, na kila mstari umepewa mwendo wa kukadiria. Programu inajumlisha dakika, inachagua mstari wenye dakika chache. Google inarekebisha makadirio hayo kwa kusoma mwendo wa simu za wanaopita. Barabara ya Morogoro, kupitia Kibaigwa na Gairo, ina simu nyingi usiku na mchana, kwa hiyo muda unaotajiwa unakaribia ukweli. Njia ya vumbi kati ya vijiji viwili vya Chemba inapitwa na magari ya kuhesabu. Hapo programu inabahatisha.

Sasa fanya hivi kabla hujawasha gari. Chukua kilomita, gawa kwa saa. Ikikwambia km 60 kwa saa 2, hiyo ni km 30 kwa saa, maana yake programu yenyewe inajua hiyo njia ni mbovu, ila haikwambii kwa mdomo. Ikikwambia km 60 kwa dakika 50, na wewe unajua huko hakuna lami, basi imeihesabu njia ya vumbi kama barabara nzuri, na muda huo usiupangie kikao wala mgonjwa.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wengi hawaifanyi. Badilisha ramani iwe ya picha ya setilaiti, vuta karibu, uifuate njia yote kwa kidole. Tafuta michirizi mipana yenye rangi ya mchanga mweupe inayopindapinda, pembeni ina mstari wa miti ya kijani. Hayo ni makorongo. Angalia njia yako inapokutana na mchirizi. Ukiona ukanda ulionyooka unakatiza juu, mara nyingi na kivuli upande mmoja, hapo kuna daraja. Ukiona njia inafika ukingoni, inapotelea kwenye mchanga, halafu inaibuka ng'ambo, hapo ni drifti (zege lililolazwa chini mtoni ili magari yapite juu yake) au ni kuvuka kwenye mchanga wenyewe. Na kumbuka picha nyingi ambazo hazina mawingu zinapigwa kiangazi, kwa hiyo mto unaouona mkavu hapo unaweza kuwa umejaa mwezi Februari.

Mvua zetu zinaanza kama Desemba mpaka Aprili, na korongo la Dodoma halijai kwa mvua iliyokunyeshea wewe tu. Linaweza kujazwa na mvua iliyonyesha vilimani, wewe uko kwenye jua kali. Maji ya sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, ya sentimita 60 yanasomba magari mengi, hata pikapu. Ukifika drifti ina maji yanayotembea na huoni zege chini, simama. Simu itaendelea kukwambia nyoosha moja kwa moja. Usiifuate. Chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia, subiri, uone kama yanapanda au yanashuka. Yakipanda, rudisha gari nyuma uende juu kabisa, usipaki chini ya ukingo.

Kitu kingine ambacho ramani haina ni udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa pana na gari linapita vizuri kabisa. Ukinyeshewa, tairi linavaa tope mpaka mifereji yake yote inajaa, linakuwa laini kama limeisha, na hata gari la kuvuta miguu yote linateleza kwenda mtaroni. Bahi na maeneo ya chini karibu na Mto Bubu kuna mbuga nyingi. Ukiona njia imebadilika rangi kutoka nyekundu kwenda nyeusi na mvua imenyesha jana, geuza ukiwa bado kwenye nyekundu.

Tuje kwenye programu zenyewe. Google Maps ndiyo bora mjini: maduka, hospitali, vituo vya mafuta, na kwenye barabara kuu. Udhaifu wake mkubwa kwetu: unaweza kuiambia iepuke barabara za kulipia, barabara kuu na vivuko, lakini sijaona mahali pa kuiambia iepuke vumbi. Tena ukiwa njiani inaweza kukuhamishia njia "ya haraka zaidi" bila wewe kugundua. Dawa yake ni kuongeza vituo. Unaenda Iringa? Weka Mtera kama kituo. Unaenda Babati? Weka Kondoa. Barabara hizo zote ni lami, na kituo cha katikati kinaifunga programu isikupeleke kwenye njia ya mkato. Pakua pia ramani ya nje ya mtandao: gusa picha yako juu kulia, chagua ramani za nje ya mtandao, vuta mraba ufunike safari yote pamoja na kilomita nyingi pembeni, halafu pakua kwa waifai. Ujue tu kwamba bila mtandao haikupi foleni wala njia mbadala.

Waze inategemea madereva wenzako kuripoti, na inahitaji mtandao kupanga njia. Ina kipengele kizuri cha kukataa barabara zisizo na lami, na ukiwa na safari ya Dar itakufaa. Kwa Manyoni au Mpwapwa siipendekezi, wanaoripoti huko ni wachache mno.

Organic Maps ndiyo naipa nafasi ya kwanza nje ya mji. Inafanya kazi bila mtandao kabisa ukishapakua ramani ya Tanzania, haina matangazo, na kwenye mipangilio ya njia kuna kuepuka barabara zisizo na lami. Inatumia ramani ya OpenStreetMap inayochorwa na watu wa kujitolea, na mara nyingi ina vinjia vya vijijini ambavyo Google haina. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego: kinjia cha ng'ombe na cha baiskeli navyo vimo, na kama mchoraji hakuandika aina ya njia, programu inakisia. Haina foleni. Utafutaji wake wa majina ya mitaa ya Dodoma pia ni dhaifu.

Majina nayo yanaangusha watu. Chang'ombe ipo Dodoma, ipo na Dar. Kikuyu ni eneo la hapa na ni mji Kenya. Soma mkoa ulioandikwa chini ya jina kabla hujagusa "anza". Mtu akikutumia lokesheni ya WhatsApp, mwambie asubiri mpaka pale inapoandika usahihi ishuke mita 20 au chini. Akituma ikiwa mita 500, utazunguka mtaa wa Kisasa mzima. Akikupa namba, hakikisha kuna alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Dodoma mjini ni kama -6.17, 35.74. Ukiisahau ile alama, ramani inakupeleka kusini magharibi mwa Ethiopia. Ukizigeuza namba, unaangukia baharini karibu na Tangier, Morocco.

Na mji wetu unabadilika kila mwezi. Viwanja vipya vimepimwa, barabara zimo kwenye mchoro na kwenye ramani, lakini katapila halijapita, unakutana na mahindi ya mtu. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya km 112, usiifuate kwa sababu tu mstari umeonekana kwenye simu. Ukikuta vibao vya mkandarasi, fuata hivyo. Reli ya SGR nayo imezungushiwa uzio, unavuka juu kwenye daraja au chini kwenye kivuko. Kinjia cha zamani kilichokatiza hapo kinaweza kuwa bado kimechorwa. Ukikuta uzio, usianze kuufuata porini kutafuta upenyo, rudi barabara kubwa. Na mwendo: kibao cha 50 kwenye makazi ndicho sheria, hata kama simu imeandika 80.

Ukiwa na shaka, uliza, ila uliza vizuri. Usiseme "hii inaenda Kondoa?" maana kwa heshima mtu atakujibu ndiyo. Salimia kwanza, shikamoo kwa mzee, halafu sema: "Magari ya kwenda Kondoa yanapita wapi?" Kisha: "Gari dogo limepita tangu mvua ya juzi?" Muulize dereva wa Noah au wa Fuso. Bodaboda ni mkweli, lakini yeye anapita pasipopitika na gari, kwa hiyo mtajie gari lako.

Simu usiibandike kwenye dashibodi juani. iPhone, kwa mfano, imetengenezwa kutumika mpaka nyuzi 35, na ndani ya gari lililopaki Dodoma mchana joto linavuka hapo haraka. Inajizima ukiwa katikati ya njia panda. Weka stendi mbele ya tundu la kiyoyozi, na andika kwenye karatasi majina matano ya vijiji utakavyopita, kwa mpangilio.

Ukikuta njia imefungwa au daraja limeondoka, ripoti. Kwenye Google bonyeza barabara yenyewe, chagua kupendekeza mabadiliko, eleza tatizo. Kwa OpenStreetMap ingia tovuti yake, acha ujumbe pale pale kwenye ramani. Na hapa chini niandikie drifti au kinjia ambacho ramani inakipitisha na hakipitiki: taja kijiji, wilaya, na aina ya gari ulilokuwa nalo.